Taifodi ya Kweli

Nilipohamia Machakos kutoka Singida, nilishangaa kwamba karibu kila mtu niliyezoeana naye aliwahi kuugua taifodi. Mwenye nyumba niliyopanga aliugua mwaka uliotangulia. Musyoka, dereva wa chama cha ushirika kilichoniajiri, alisema yeye huipata kila msimu wa mvua, na aliizungumzia kama mtu anavyozungumzia mafua. Kwetu nako mambo si tofauti sana. Ukienda zahanati na uchovu wako, unarudi na taifodi na UTI. Kwa hiyo neno lenyewe halikunitisha. Nilidhani ni jina la homa yoyote ambayo si malaria.

Sasa najua kuna taifodi ya mdomoni na kuna taifodi ya kweli, na ya kweli nimelala nayo kitanda kimoja. Imeshaniachia. Naandika nikimfikiria mtu aliye mbali na kwao, mwenye homa isiyoshuka, ambaye kila anayekutana naye ana jibu la haraka. Mimi si daktari, nafundisha watu kufuga nyuki. Nitaeleza niliyoyaona na niliyoyauliza, maana tangu utotoni nina tabia ya kuuliza hata pale ninapotakiwa kunyamaza.

Kazi yangu ilikuwa Mwala, vijijini nje ya mji wa Machakos, kuwafundisha wanachama wa ushirika kutumia mizinga ya kisasa. Mkataba ulikuwa wa miaka miwili. Mume wangu, Shabani, alibaki Singida na binti yetu Nuru, akiendelea na biashara yake ya mafuta ya alizeti. Mpakani waliniomba kadi ya chanjo ya homa ya manjano, nikaitoa. Ajabu ni kwamba mimi, mtu wa maswali, sikumuuliza yeyote kama kuna chanjo nyingine inayonifaa. Nilijiambia kwamba Kenya ni jirani, maji ni maji, chakula ni chakula. Baadaye ndipo nilipojua kwamba chanjo ya taifodi ipo na kwamba msafiri anaweza kuiuliza kliniki kabla hajafunga begi.

Siku za kazi sikurudi mjini. Nililala kwa Mama Kaluki, mjane aliyekuwa na mizinga mingi kuliko mwanachama yeyote. Siku ya kwanza nilimwamkia kwa heshima, "Shikamoo mama." Akanitazama, akacheka hadi akashika ukuta.

"Shikamoo? Nilisikia hiyo mwisho shule ya msingi, tukiamkia mwalimu. Karibu ndani, mwana wakwa."

Mwana wakwa, mtoto wangu. Hivyo ndivyo alivyoniita tangu siku ile, nami nikajifunza kumwita mwaitu, yaani mama, kama wanawe walivyomwita. Yeye ni Mkatoliki asiyekosa misa, mimi ni Mwislamu. Alininunulia sufuria mpya yangu peke yangu bila mimi kumwomba chochote, akaitundika kwenye msumari wake jikoni.

Maji ya pale yalitoka kwenye bwawa la mchanga. Ni ukuta uliojengwa kukatiza mto wa msimu. Mchanga hujaa nyuma yake na maji hujificha ndani ya mchanga. Watu huchimba shimo, maji yanachuja, wanateka kwa kata na kupakia mitungi juu ya punda. Nililipenda bwawa lile kuliko kitu chochote Mwala. Nilikaa ukingoni nikitazama jinsi shimo linavyojaa polepole, maji meupe kama ya chupa. Hata hivyo Mama Kaluki aliyachemsha yote ya kunywa, nami sikunywa mengine. Kumbuka hilo kama wewe pia ni mtu wa kuchemsha maji na kujiona umemaliza.

Homa ilianza mvua ndefu zilipokuwa zikiisha, migunga imechanua na nyuki wana kazi. Mwanzoni ilikuwa ndogo, ya kuniacha asubuhi na kunirudia jioni. Kichwa kiliuma mbele, juu ya macho. Nilikuwa nikipitia njiapanda ya Kyumbi, nikaingia kwenye duka moja la dawa. Kijana wa dukani alinichoma kidole, akaweka tone la damu kwenye kipimo, akasubiri kidogo.

"Uko na taifodi. Lakini kidogo."

"Kidogo kiasi gani?" niliuliza.

"Kidogo tu. Hizi utameza asubuhi na jioni."

Niliondoka nikiwaza ni vipi mtu anaweza kuwa na taifodi kidogo. Nilimeza vidonge vyote kama nilivyoelekezwa. Homa haikujali. Kila jioni ilipanda juu kidogo kuliko jana yake, na asubuhi ilishuka lakini haikufika chini ilikoanzia. Niliipima kwa kipimajoto cha kwapani, na nakiri kwamba sehemu yangu moja ilikuwa ikiitazama kwa mshangao, kama ninavyotazama kundi la nyuki lenye tabia nisiyoijua. Kliniki ya pili, mjini, walinichoma kidole tena. Safari hii nilikuwa na taifodi na malaria kwa pamoja. Vidonge vingine.

Mwili ulianza kuwa mwili wa mtu mwingine. Nilitarajia kuhara, kwa kuwa ndivyo nilivyokuwa nimesikia. Badala yake choo kiligoma kabisa. Tumbo lilijaa kama ngoma. Ulimi ulikuwa na utando mweupe katikati na wekundu pembeni. Chakula kilinuka chuma. Na kulikuwa na jambo moja ambalo sikulitambua mwenyewe, alilitambua Mama Kaluki. Nilikuwa nimeketi nje kwake, kwenye jua, nimejifunika blanketi. Aliniita kutoka jikoni. Akaniita tena. Kisha akaja akasimama mbele yangu.

"Wewe, kwani husikii mimi nakuita?"

"Hujaniita, mwaitu."

"Nimekuita mpaka mbuzi wote wameinua vichwa." Akainama akanitazama machoni. "Hii si homa ya kidole. Hata macho yako hayaniangalii vizuri. Musyoka! Washa gari. Tunaenda hosipitali."

"Nimeshapimwa mara mbili, mwaitu. Dawa bado zipo."

"Dawa zipo, na wewe je, upo?"

Nilipanda pikapu ya ushirika. Mama Kaluki alinishika bega njia nzima hadi Machakos mjini.

Kuhusu vyumba vya kusubiri ningeweza kuandika kitabu. Kile cha siku ile kilikuwa na mabenchi ya mbao, na watu walisogea kwa makalio, benchi zima kwa pamoja, kila aliye mbele alipoitwa. Kulikuwa na mwanamke aliyekuwa akimenyea mumewe chungwa na kumpa kipande kimoja kimoja bila kuongea. Kulikuwa na mzee aliyevua kofia yake akaiweka juu ya benchi ili kumshikia mke wake nafasi. Mama mmoja nisiyemjua, aliponiona siwezi kukaa wima, alihama mwisho wa benchi ili niegemee ukuta, halafu akaanza upya foleni ya kusimama. Sikuweza hata kumshukuru. Nilisikia sauti zote kama zinatoka chini ya maji.

Daktari aliyenipokea alikuwa mwanamke mwenye haraka mikononi na utulivu usoni. Nitamwita Daktari Wanza. Alinipigia kelele kwa upole, kama mtu anavyoongea na bibi yake.

"Umetoka wapi?"

"Mwala."

"Kabla ya Mwala?"

"Singida. Tanzania."

"Lini? Na tangu ufike, unakula wapi? Nani anapika? Barabarani unanunua nini?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hayo. Nilimwambia kuhusu maji ya kuchemsha, nikaona fahari. Akatingisha kichwa.

"Na matunda ya kukatwa? Juisi? Barafu?"

Kila nilipopita sokoni mjini nilikunywa juisi ya matunda ya pasheni yenye vipande vya barafu. Nilinunua embe la kukatwa Kyumbi, lililotiwa pilipili na chumvi, na kulila nikiwa nimesimama. Maji ya barafu ile yalichemshiwa wapi? Mikono iliyokata embe lile ilitoka wapi? Sikuwahi kuwaza.

"Ile kipimo ya kidole," alisema Daktari Wanza, "inaweza kukwambia uko nayo na huna. Inaweza kukwambia huna na uko nayo. Mimi nataka damu ya mshipani, tuioteshe maabara tuone kama kuna kitu kinamea. Ingekuwa rahisi kama hukuwa umemeza dawa zote hizo. Lakini tutajaribu."

"Mnaiotesha kama mbegu?" niliuliza, na nakumbuka alitabasamu.

"Kama mbegu. Na kama mbegu, lazima tungoje."

Nililazwa siku hiyo hiyo. Shabani alipiga simu, sikuweza kumsikia, nikampa Mama Kaluki. Aliweka sauti kubwa ili nami nipate chochote. Baadhi nilisikia, mengine alinisimulia.

"Shikamoo mama," alisema Shabani.

"Mzuri sana," akajibu Mama Kaluki.

"Mama, tunashukuru kwa wema wenu. Lakini mke wangu nakuja kumchukua. Atatibiwa nyumbani, kwa ndugu zake."

"Utamchukua na nini?"

"Na basi. Tutakwenda naye taratibu."

"Baba Nuru, nisikie. Huyu mtu ukimkalisha anaanguka. Daktari amesema hii homa inaweza kutoboa matumbo. Ikitoboa mkiwa kwa basi, utafanya nini? Utaambia dereva asimame? Wewe kuja. Kitanda niko nacho. Lakini yeye hatoki hapa."

Shabani akasema, "Sawa mama, nakuja."

Siku zilizofuata sinazo. Nimeziazima kwa wengine. Mama Kaluki anasema nilizungumza Kinyaturu mchana kutwa, lugha ya kwetu ambayo hakuna mtu wodini aliyeijua. "Lakini tulijua ni mambo ya mizinga," alinieleza, "kwa sababu ulikuwa unafunga vifuniko na mikono." Muuguzi mmoja, Mkamba, alikaa akisikiliza na kukamata neno moja hapa na pale lililofanana na la kwao, na kila alipolikamata alinijibu kwa Kikamba. Nasikia tulizungumza hivyo kwa muda, kila mtu na lugha yake, na nikatulia. Ningelipa chochote kujua tuliambiana nini.

Damu ilimea. Ilikuwa taifodi, ile ya kweli, na vidonge nilivyokuwa nimemeza havikuwa na nguvu juu yake. Walibadilisha, wakaniwekea sindano za mshipani. Nilitarajia kwamba dawa ikiingia, homa itatoka kama mgeni aliyefukuzwa. Haikuwa hivyo. Iliendelea kunichoma huku dawa ikiingia, na Daktari Wanza alisema mapema kwamba isinivunje moyo.

Kisha tumbo likakaza. Ilikuwa asubuhi, nilikuwa nimeanza kutambua watu, na maumivu yalikuja upande wa chini kulia, makali kiasi kwamba nilishindwa kuvuta pumzi yote. Walinizuia kula na kunywa hata tone, wakanisukuma kwenda kupigwa picha ya tumbo. Daktari wa upasuaji alikuja akalibonyeza tumbo langu kwa ncha za vidole, akaachia, akaniangalia usoni. Kama utumbo ungekuwa umetoboka, wangenipasua siku hiyo.

Shabani aliwasili katikati ya hayo, na vumbi la safari mabegani. Hakuwa ameniona tangu nilipoondoka nyumbani nikiwa na mashavu. Alisimama mlangoni mwa wodi akinitafuta kitanda hadi kitanda, macho yake yakanipita, yakarudi. Sijasahau yale macho kunipita.

Hofu humfanya mtu atafute wa kumlaumu. Aliuliza maji nikinywa ya wapi. Mama Kaluki akamweleza kuhusu bwawa, bila kujua anapelekwa wapi.

"Maji ya kuchimba mchangani?" Shabani alipandisha sauti. "Wanakopita punda? Mnamnywesha mgeni maji ya mtoni, halafu mnaniambia hatoki hapa?"

Wodi nzima ilisikia. Mimi pia nilisikia, hayo niliyasikia vizuri. Mama Kaluki alifunga kanga yake, akachukua kikapu.

"Hayo maji nimelea nayo watoto watano," alisema. "Lakini wewe uko na mgonjwa. Sitakujibu leo."

Akaenda kukaa nje kwenye benchi. Hakuondoka hospitali, alikaa tu mbali na Shabani, mpaka picha ikarudi. Utumbo haukuwa umetoboka. Ulikuwa umevimba, umechoka, lakini mzima. Shabani alikaa sakafuni kando ya kitanda akalia, mtu mzima, mbele ya watu. Nilitaka aende nje akamwombe Mama Kaluki msamaha. Hakwenda. Nadhani aibu ilikuwa imeshamkalia.

Homa ilishuka kidogo kidogo, kama ilivyopanda. Siku nilipoamka na shuka lililolowa jasho na mwili wa baridi, nilimsikia mhudumu akifagia. Nilisikia ufagio! Nikalala nikiusikiliza hadi alipomaliza chumba. Nilipewa uji mwembamba, kisha mzito, kisha viazi vilivyopondwa. Niliota muthokoi wa Mama Kaluki, yale mahindi yaliyokobolewa na kuchemshwa na maharagwe, lakini Daktari Wanza alinikataza. Tumbo lilihitaji vitu laini kwa wiki kadhaa.

Nilitoka hospitali kwenye baridi ya Julai, ile yenye manyunyu asubuhi na mawingu yanayokaa juu ya vilima hadi mchana. Shabani alikuwa amerudi kwa mtoto, na tulikuwa tumekubaliana kwamba nikipata nguvu niende nyumbani, labda nisirudi tena. Nywele zilianza kutoka kwa mafungu kwenye chanuo. Hilo hakuna aliyeniambia mapema, kwa hiyo nakwambia wewe: zikitoka usipige kelele, zangu zimerudi. Ngazi za nyumba niliyopanga nilizipanda nikipumzika kama bibi kizee. Mama Kaluki alikuja na supu ya mifupa, akaniwekea, akanifulia. Hakukaa kuongea. Sufuria yangu aliniletea mjini, imefungwa kwenye gazeti, kama mtu anayerudisha kitu cha wenyewe.

Hapo ndipo swali lilipoanza kunisumbua kuliko ugonjwa: ilitoka wapi? Nilimuuliza Daktari Wanza. Akaniunganisha na afisa wa afya ya umma, mwanamume mpole aliyevaa buti za mpira hata sehemu kavu. Alinieleza kwamba taifodi haitoki hewani wala kwa punda. Hutoka kwa mtu mwingine, kupitia choo chake na mikono yake, na huyo mtu anaweza kuwa mzima kabisa, anapika na kucheka. Wengine huugua, hupona, na wadudu wakabaki ndani yao kimya.

"Kwa hiyo kuna mtu," nilisema.

"Kuna mtu. Kumpata ni kazi ingine."

Alitaka kupima maji ya Mwala, na choo cha watu wote walionipikia. Nilijua maana yake. Nilikwenda naye kwa Mama Kaluki, nikamkuta anaanika mbaazi. Afisa alieleza. Nilitazama chini.

"Ni bwana yako amesema nipimwe?" Mama Kaluki aliniuliza mimi, si yeye.

"Hapana, mwaitu. Ni mimi nataka kujua."

"Unataka kujua." Aliweka ungo chini. "Basi apime. Apime maji, apime sufuria, apime mimi, apime na mbuzi. Na wewe?"

"Na mimi nini?"

"Wewe pia si uko na mikono? Wewe si umepika hapa, kabla ulazwe? Apime wote."

Afisa akakubali, alisema hilo lingefanywa kwangu hata hivyo, kuhakikisha nimepona.

Majibu yalipokuja aliniita ofisini kwake, mlango akaufunga. Maji ya shimoni hayakuwa safi, kama ambavyo Mama Kaluki alijua siku zote, ndiyo maana aliyachemsha. Yaliyochemshwa hayakuwa na tatizo. Mama Kaluki hakuwa na kitu. Binti yake anayemsaidia jikoni hakuwa na kitu. Musyoka naye, aliyejipeleka mwenyewe kwa kuwa taifodi ilikuwa yake kila mwaka, hakuwa nayo.

"Ila wewe," alisema. "Bado wadudu wanatoka."

Nilimwambia haiwezekani, sina homa, nakula, nimeanza hata kunenepa. Alitikisa kichwa kwa huruma. Nilikuwa nimetafuta yule mtu mzima anayecheka na kupika. Ndiye aliyekuwa ameketi kwenye kiti changu.

Daktari Wanza alinipiga picha ya nyongo, kwa kuwa wadudu hupenda kujificha huko, akanipa dawa nyingine za kumeza kwa muda mrefu. Hadi vipimo visafike mara kadhaa mfululizo, nisimpikie mtu, nisimkatie mtu tunda, ninawe kwa sabuni kila nitokapo chooni na kila nigusapo chakula. Nilimuuliza kama ninaweza kusafiri. Alisema miguu yangu inaweza. Kisha akauliza, "Nyumbani nani anampikia mtoto?"

Ningeweza kukaa kimya na kusafiri. Nilimpigia Shabani asubuhi, nikamwambia siji.

"Unasemaje? Mtoto anahesabu siku."

"Nikija nitampa uji kwa mikono hii."

Akaniuliza kwa sauti ndogo maji ya yule mama yalikuwaje. Nikamwambia. Nikamwambia pia kwamba Mama Kaluki ni mzima, na kwamba kama kuna mtu aliyeingia kwenye jiko la mwenzake na hatari, basi ni mke wake.

"Naomba namba yake," alisema.

Sijui waliongea nini. Mama Kaluki hajawahi kuniambia, na Shabani anasema ni mambo yake na mama. Ninachojua ni kwamba jioni ile Musyoka alileta mzigo kutoka Mwala: viazi vitamu, chupa ya asali, na miche miwili ya sabuni ya bluu. Kwenye simu Mama Kaluki alisema, "Moja ya chooni, moja ya jikoni. Usichanganye."

Nilirudi kazini na mwili mwepesi. Kwa mizinga hapakuwa na kizuizi ilimradi nisishughulike na urinaji wa asali, kwa hiyo nilifundisha nikiwa nimefunga mikono nyuma. Nililala kwa Mama Kaluki kama zamani. Aliniwekea mtungi wenye bomba kando ya choo, na alinipikia kila mlo. Mimi nilikaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, mgeni asiyegusa kitu, nikimuuliza kwa nini anafanya hivi na vile. Nilijifunza mapishi yake yote kwa macho. Wakati mwingine aliniambia nimechosha, ninyamaze avumilie moshi kwa amani.

Kuhusu ilikotoka, sijui mpaka leo. Afisa anaamini ni ile juisi ya barafu. Nilipokwenda naye sokoni, muuzaji alikuwa ameshahama. Huenda ni embe. Huenda niliibeba kutoka safarini, kwenye chakula cha njiani ambacho hata sikikumbuki. Nilitaka sana kujua, na nimelazimika kuishi bila kujua. Nuru alipelekwa kliniki na baba yake akachanjwa, na Shabani naye, kwa sababu walikuwa wanapanga kuja kunitembelea badala ya mimi kwenda. Nasikia Shabani alimuuliza muuguzi maswali hadi foleni ikalalamika.

Vipimo vya mwisho vilitoka mvua za Novemba zikiwa zimeanza, watu wote wa Mwala wako shambani wanapanda. Afisa alinipigia nikiwa njiani. Safi, vyote. Nilifika kwa Mama Kaluki nimelowa, nikamwambia nikiwa bado mlangoni. Alitia unga wa ngano kwenye karai, akatia chumvi na mafuta, akalisukuma karai hadi mbele ya miguu yangu.

"Nawa," akasema. "Halafu ukande. Mimi nimechoka."

Nilinawa hadi viwiko. Nilikanda, nikakata madonge, nikasukuma chapati, yeye akiwa ameketi kwenye kile kigoda cha mlangoni. Ya kwanza ilipoiva niliigeuza, nikaiweka kwenye sahani na kumpa kwa mikono miwili. Aliikunja ikiwa bado ya moto, akauma, akatafuna huku akitazama mvua.

"Chumvi ni kidogo," alisema, akanyoosha sahani nimwekee nyingine.